Majitaka ya Makao Makuu ni Mali, Yasitupwe

Msomaji wa gazeti hili aishiye Mbuchi, Salale au Kiongoroni ana haki ya kuuliza: sisi wa delta ya Rufiji, tuliozungukwa na maji usiku na mchana, majitaka ya Dodoma yanatuhusu nini? Swali hilo niliulizwa barazani na mzee mmoja wa Mbuchi, nilipomweleza kwamba nakusudia kuandika juu ya jambo hili. Baada ya kumwamkia na kukaa, nilimjibu kwa swali jingine: "Mzee wangu, maji yote haya yanayotuzunguka, ni mangapi kati yake umeyanywa?" Akacheka, kwani yeye kama sisi sote amekulia katika nyumba inayokinga maji ya mvua kwenye mapipa, na ambayo kiangazi kikizidi hupeleka mtumbwi mbali kutafuta kisima kisicho na chumvi.

Mtu wa visiwani na mtu wa Dodoma wanafanana kuliko wanavyodhani. Mmoja ana maji mengi yasiyonyweka, na mwingine ana ardhi pana isiyo na maji. Wote wawili wanajua kwamba ndoo moja ya maji matamu ni mali. Kwa hiyo mtu wa visiwani anafaa kabisa kuuliza kama makao makuu ya nchi yake yanayatumia maji yake kwa heshima, na baada ya kuyatumia yanayapeleka wapi.

Aidha, makao makuu yale ni yetu sote. Mwaka 1973 TANU, baada ya kuyauliza matawi yake nchini, iliamua kwamba makao makuu yahame Dar es Salaam na kwenda Dodoma, katikati ya nchi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliundwa mwaka huo huo, ikafanya kazi hadi ilipovunjwa mwaka 2017. Safari ya kuhama ilikuwa ndefu, na wapo waliokata tamaa. Lakini tangu mwaka 2016 Serikali ilianza kuhamia kweli kweli, wizara kwa wizara, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika Dodoma Mjini watu 410,956. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179. Katika miaka kumi tu mji umekaribia kuongezeka mara mbili.

Mvua, hata hivyo, haikuongezeka. Dodoma hupata kwa wastani milimita zisizofika 600 kwa mwaka, na karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua na upepo. Kwa miaka mingi mji umeishi kwa kutegemea hasa visima virefu vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Mipango ya kuleta maji kutoka mbali, kwa bwawa la Farkwa na kwa bomba la Ziwa Victoria, imezungumzwa mara nyingi. Yote hiyo ni mipango ya maji yanayoingia mjini. Juu ya maji yanayotoka, mazungumzo ni machache mno, na hapo ndipo penye hoja ya makala hii.

Wahandisi wa maji hukadiria kwamba katika kila ndoo kumi zinazoingia nyumbani, nane hivi hutoka tena zikiwa majitaka. Tufanye hesabu ndogo, ya darasa la nne. Tuseme kila mkazi wa Dodoma anatumia ndoo mbili tu kwa siku, yaani lita 40. Kwa watu 765,179 hizo ni lita zaidi ya milioni 30. Nane ya kumi yake ni lita milioni 24 kila siku iendayo kwa Mungu. Sasa hekta moja ya bustani chini ya jua la nchi kavu huhitaji takriban lita 60,000 kwa siku. Hata tukikubali kwamba nusu ya majitaka itapotea kwa jua na kwa nyumba zisizounganishwa na mabomba, inayobaki yatosha kumwagilia hekta 200. Hizo ni ekari 500 hivi za majani ya ng'ombe, miti ya kuni na mashamba, katika mji unaolia ukame. Haya ndiyo maji tunayoyaita uchafu.

Yafaa ieleweke jinsi majitaka yanavyosafishwa katika nchi ya jua kama yetu, maana wengi hudhani ni kazi ya mitambo mikubwa ya kigeni. Njia iliyoenea kwetu ni ya mabwawa. Dodoma inayo huko Swaswa, Moshi inayo Mabogini, na Dar es Salaam inayo sehemu kadhaa, Vingunguti ikiwa mojawapo. Majitaka huingia kwanza katika bwawa lenye kina kirefu, lisilo na hewa. Humo uchafu mzito huzama na kuozeshwa na vijidudu vya asili. Kisha hupita katika bwawa la pili, pana na la kina kifupi, ambamo mwani hukua kwa nguvu ya jua na kutoa hewa inayowawezesha vijidudu wengine kumaliza kazi iliyobaki. Mwisho hupita katika mabwawa ya kukomaza, ambamo jua na muda huua vijidudu vya maradhi. Mayai ya minyoo, ambayo ni mazito, yamekwisha kuzama njiani. Kazi hiyo haihitaji umeme mwingi wala dawa kutoka ng'ambo. Inahitaji ardhi, jua na subira. Dodoma haikunyimwa hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Lakini bwawa si shimo la kutupia. Lina hesabu yake. Likichimbwa kwa ajili ya watu elfu fulani, halifanyi kazi ya watu mara mbili yao, kwa sababu maji hupita haraka kabla jua halijamaliza kazi yake. Tope lililozama lisipoondolewa kwa wakati wake hujaza bwawa, na bwawa lililojaa tope huwa ni mfereji tu. Yapo macho na pua hapo, lakini usafishaji haupo. Mabwawa ya Swaswa yalichimbwa kwa mji uliokuwa mdogo kuliko Dodoma ya leo. Ni jambo jema kwamba umetangazwa mpango wa mabwawa mapya, makubwa zaidi, eneo la Nzuguni. Pamoja na hayo, sehemu kubwa ya nyumba za mji bado hutumia vyoo vya shimo na makaro, na uchafu wake hunyonywa na magari.

Hapo nina jambo niliyoyaona kwa macho yangu. Nilipokuwa katika mkoa ule kwa semina ya Chama, niliamka alfajiri kwenda kuswali. Pembezoni mwa mji niliona gari la kunyonya majitaka limesimama kando ya korongo kavu, taa zimezimwa, mpira umeshushwa. Sikusoma namba yake, na mwenyewe simjui. Lilipoondoka, harufu ilieleza lililokuwa limebeba. Hatua mia chache kutoka pale, katika mchanga wa korongo lile lile, akina mama walikuwa wamechimba visima vya mkono na kuotesha mchicha kwa ajili ya soko la asubuhi. Mchicha ule ulikuwa mzuri wa rangi. Nilijiuliza ni nani atakayeula mchana ule: mtoto wa dereva, mtoto wa mkulima, au sisi wajumbe wa semina?

Ndugu zangu viongozi, hapa hatuna haki ya kumlaumu yule mama wa mchicha. Yeye ametambua jambo ambalo mipango yetu imechelewa kulitambua, kwamba majitaka yana rutuba na yana maji. Kosa ni kwamba anaitumia mali hiyo kabla haijasafishwa, kwa kuwa hakuna aliyemfikishia iliyosafishwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya jambo hili mwaka 1989, likaurekebisha mwaka 2006. Kipimo chake cha minyoo ni chepesi kukumbuka: maji ya kumwagilia yasiwe na zaidi ya yai moja la mnyoo katika lita nzima. Nchi yetu nayo ina viwango vyake vya maji yanayotoka katika mabwawa na viwanda, vilivyowekwa na Shirika la Viwango. Sheria tunazo. Ila sheria haipimi maji. Maji hupimwa na mtu mwenye chupa, maabara na mshahara.

Wapo watakaosema kwamba maji ya chooni ni najisi, na hata yakisafishwa namna gani nafsi itayakataa. Mimi nimesoma chuoni kabla ya kusoma skuli, na swali hilo nalijua. Tulifundishwa tukiwa wadogo kwamba maji mengi yaliyofika kulateni, yaani kiasi cha pipa moja la lita 200 hivi, hayawi najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Tulifundishwa pia kwamba mabadiliko hayo yakiondoka yenyewe, maji hurudia utohara wake. Mwaka 1978 baraza la wanazuoni wakuu wa Saudi Arabia, nchi kavu kupita Dodoma, liliamua kwamba majitaka yaliyosafishwa kikamilifu, mpaka athari yote ya uchafu ikaondoka, yanafaa hata kwa udhu. Walishauri tu kujihadhari kuyanywa, kwa ajili ya afya. Ikiwa yanafaa kwa udhu, yatashindwaje kufaa kwa mti wa mwarobaini na jani la ng'ombe? Ndugu zetu wa dini nyingine nao wana hoja zao za kuheshimu maji, na sidhani kama zinapingana na hii.

Wenzetu katika nchi nyingine wamekwisha kutangulia. Windhoek, makao makuu ya Namibia, ni mji wa bara kama Dodoma, na mvua yake ni chache kuliko ya Dodoma. Tangu mwaka 1968 mji ule umekuwa ukisafisha majitaka yake katika mtambo wa Goreangab mpaka yakafaa kunywewa, na mwaka 2002 ulijengewa mtambo mpya. Hawakufanya hivyo kwa kupenda maajabu. Waliyahesabu maji waliyonayo, wakaona hayatoshi kutumika mara moja tu.

Yordani nayo ina funzo la upande wa pili. Mwaka 1985 ilifungua mabwawa makubwa ya majitaka huko As-Samra kwa ajili ya Amman na Zarqa, na maji yake yakaingia katika kilimo cha bonde. Lakini miji ilikua haraka, mabwawa yakapewa majitaka kupita uwezo wake, na maji yaliyotoka yakawa mabaya. Ilibidi ujengwe mtambo mwingine, uliofunguliwa mwaka 2008. Dodoma inapaswa kuisoma habari hii kwa makini, kwa sababu mji ule nao ulijaa watu kuliko wapangaji walivyotarajia.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Hapa hapa nchini, Moshi, maji yanayotoka katika mabwawa ya Mabogini yametumika kumwagilia mpunga miaka mingi. Wakulima wale wanajua thamani ya maji hayo kuliko vitabu. Linalobaki ni Serikali kuhakikisha kwamba maji wanayopewa yamepimwa, na kwamba mkulima anayeingia jarubani ana viatu vya mpira na mtoto wake amepewa dawa ya minyoo.

Tunajua hoja ya fedha itatolewa. Itasemwa kwamba mji una shida ya maji safi kwanza, na majitaka yangoje. Hoja hiyo ina sura ya busara, lakini haina msingi. Kila lita mpya ya maji safi inayoletwa mjini huzaa majitaka siku hiyo hiyo. Ukijenga bomba la kuingiza bila ya kujenga la kutoa, unajaza nyumba ya watu. Zaidi ya hayo, bonde la Makutupora ni hazina iliyo chini ya ardhi. Makaro na makorongo yakiachwa yamwage ovyo, uchafu utafika chini, na hakuna kiongozi awezaye kuingia chini ya ardhi akakisafisha kisima cha kina kirefu. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Majitaka ya mji yanaweza kuzolewa, lakini yakikwisha kuingia katika kisima msemo wao huwa kweli tupu.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, nayo si makubwa kupita uwezo wa Serikali yetu.

Kwanza, mabwawa yasihesabiwe kuwa yamekamilika siku ya kukata utepe. Yahesabiwe kwa tope lililoondolewa na kwa maji yaliyopimwa. Fungu la kuondoa tope liwemo katika bajeti kila mwaka, kama mishahara ilivyomo, wala lisiwe la kuombwa siku bwawa limekwisha kufurika.

Pili, matokeo ya vipimo vya maji yanayotoka mabwawani yabandikwe mahali ambapo diwani, mkulima na mwandishi wa habari wanaweza kuyasoma, kwa Kiswahili, kila mwezi. Mwananchi akijua kipimo atauliza, na mtumishi akijua ataulizwa atapima.

Tatu, magari ya kunyonya majitaka yaandikishwe, yapewe mahali pa kumwagia karibu na mitaa, na ada iwe ndogo. Dereva humwaga korongoni usiku kwa kuwa safari ya kwenda bwawani inamla mafuta. Tukimfupishia njia, na tukimwadhibu anayekaidi, makorongo yatapumua.

Nne, ardhi iliyo chini ya mabwawa itengwe mapema kwa mashamba ya majani, miti na mazao yasiyoliwa mabichi, na wakulima waliopo wapewe nafasi ya kwanza. Ardhi hiyo ikikwisha kugawiwa viwanja vya nyumba hairudi tena, na maji yaliyosafishwa kwa gharama kubwa yataishia kuzaa mbu.

Narudi sasa kwa mzee wangu wa barazani. Nilimweleza kwamba maji ya Dodoma mjini huelekea Kinyasungwe na hatimaye mto Wami, na Wami unamwagika baharini katika mkoa wetu huu huu wa Pwani, baada ya kuwanywesha watu wa Chalinze. Ngerengere, upitao Morogoro, huingia Ruvu, na Ruvu ndio kisima kikuu cha Dar es Salaam. Iringa imekaa juu ya Ruaha Mdogo, nao huingia Ruaha Mkuu, hupita Mtera na Kidatu, kisha maji yale huwa ni Rufiji, na Rufiji ndiyo sisi. Ni kweli kwamba njia ni ndefu na mto husafisha mengi. Lakini miji ya bara inakua kila mwaka, na mto hauongezeki. Kamba wanaotulisha na kutuvisha huanza maisha yao katika mikoko yetu, mahali maji ya bara yanapokutana na ya bahari. Basi mipango ya majitaka ya miji ya bara ni mipango ya delta pia.

Wala tusijifanye wasafi. Wazee wetu walishiriki mwaka 1973 katika kampeni ya "Mtu ni Afya", redio ikasikilizwa kwa vikundi, na vyoo vikachimbwa nchi nzima. Hata hivyo, mwaka 1977 kipindupindu kilipolipuka, Rufiji ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kulizwa. Katika visiwa vyetu ukichimba hatua chache unakuta maji. Shimo la choo hupanda na kushuka pamoja na bamvua. Mafuriko ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti yalipoingia majumbani, yaliingia na vyooni, kisha yakaingia visimani. Nasi wa delta tunahitaji vyoo vilivyoinuliwa juu ya ardhi, vyenye sanduku lisilovuja, na mafundi waliofunzwa kuvijenga. Kuna kaya ambazo bado huenda mikokoni. Kiongozi wa kijiji anayelijua hilo na kunyamaza hana tofauti na dereva wa korongoni, na mimi ni mmoja wa viongozi hao.

Ndiyo maana siandiki haya kama mtu wa visiwani anayewacheka watu wa bara. Nchi iliyoweza kuhamisha makao makuu yake kwa miaka zaidi ya arobaini bila ya kuvunjika moyo haiwezi kushindwa kuchimba mabwawa, kuyatunza na kuyatolea hesabu. Bomba la majitaka halionekani, halipigwi picha, na halimpi mtu kura. Linampa mtoto uhai. Dodoma ikionyesha njia, halmashauri za nchi nzima, Kibiti ikiwamo, hazitakuwa na udhuru.

Mzee yule aliponisikiliza mpaka mwisho, alisema neno moja tu: "Basi waandikie, mwanangu, lakini uanze na choo cha ofisi yenu." Nimeyapokea. Fundi anakuja Jumamosi.